Hollis Anairekebisha Marekani

Kaka yangu Hollis huwa ameshairekebisha Marekani yote kabla kahawa yake ya asubuhi haijapoa. Ukimkuta mezani, gazeti mkononi na miwani juu ya paji la uso, ujue Seneti imeshavunjwa na kuundwa upya, majaji wa Mahakama ya Juu wamewekewa ukomo wa muda, matajiri wamepigwa marufuku kununua wagombea, mitihani ya kuchagua jibu imefutwa na watoto wamenyang'anywa simu. Akimaliza hapo anahamia kwenye utamaduni. Utasikia habari za watu wanaokula ndani ya magari, za wahudumu wa mikahawa wanaolipwa bakshishi badala ya mshahara, za wazazi wanaotukanana kando ya uwanja ambao watoto wa miaka saba wanacheza mpira. Hana breki. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi anasema kweli.

Mimi ni mwanasheria. Naandika wosia, natetea mipaka ya mashamba, naachanisha wanandoa. Nina maoni yangu pia kuhusu nchi hii, na mengine ni makali kuliko ya Hollis, maana mimi nimesimama mahakamani nikaona kijana akikiri kosa asilolitenda kwa sababu kukiri kulikuwa rahisi kuliko kungoja kesi. Lakini hapa Tarbell, Vermont, mimi ndiye mwenyekiti wa mkutano wa mji. Kila Machi watu wazima wote tunakutana ukumbini, tunaamua wenyewe mambo yetu, kuanzia chumvi ya kumwaga barabarani hadi gari la zimamoto, na mimi ndiye ninayeshika nyundo. Mwenye nyundo hana maoni siku hiyo. Hasemei upande wowote, na hapigi kura, ila kura zikilingana. Kwa mtu mwenye hasira kama zangu, hiyo ni adhabu ya kutwa nzima.

Mwaka ule ajenda ilikuwa na hoja ya kuifunga shule yetu na kuwapeleka watoto Wexcombe, ng'ambo ya mlima.

Shule yetu ina madarasa mawili na mwalimu mmoja na nusu, kama tunavyosema, maana yule wa pili huja nusu siku. Mjukuu wangu Tansy anasoma hapo. Ana miaka saba, ana mapengo mawili mbele, na ana kifafa. Ninamlea mimi. Mama yake, binti yangu, aliuawa na vidonge vya maumivu ambavyo daktari alimwandikia kihalali kabisa, na Hollis ana maoni marefu kuhusu kampuni zilizovitengeneza. Shuleni Tansy akianguka, mwalimu Renée Gagnon anajua la kufanya, na watoto wenzake wanajua. Wanasogeza viti, wanangoja, kisha wanaendelea kusoma. Kutoka hapo hadi nyumbani kwangu ni kuvuka barabara tu.

Basi la Wexcombe linapita juu mlimani. Ni karibu saa nzima hali ya hewa ikiwa nzuri, na kwetu nusu ya mwaka hali ya hewa si nzuri. Juu kule simu haishiki. Ndani ya basi kuna dereva, mikono yake iko kwenye usukani na macho yake yako kwenye barafu. Niliwauliza watu wa wilaya nani atakaa na Tansy. Walinijibu kwa upole mwingi kwamba hawana mtu.

Sasa mimi nisingeweza kusimama na kuyasema haya. Mwalimu Gagnon angeyasema, lakini watu wangedhani anatetea kazi yake. Aliyebaki katika ukoo wetu ni Hollis. Jumapili kabla ya mkutano alikuwa mezani kwangu kama kawaida, anakula maharage ya kuoka.

"Kaka, Jumanne utasimama?"

"Nisisimame nina nini? Miguu ninayo."

"Utasema nini?"

"Ukweli."

"Ukweli gani, maana wewe unao mwingi."

Alicheka. Tansy naye akacheka kwa sababu babu yake amecheka.

"Sema habari za huyu," nikamwambia. "Sema ni nani, sema barabara ile ikoje, halafu kaa chini. Basi. Wengi wako upande wetu, nimeshazungumza nao. Wakulima wote wako nasi. Hawahitaji hotuba."

"Wewe mdogo wangu unanidharau."

"Sikudharau. Nakuomba. Sema ukae chini."

"Dakika mbili," akasema, akaninyooshea vidole viwili vilivyolowa shira. "Zikizidi, nirushie hiyo nyundo yako."

Nilimwamini. Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote, na bado nilimwamini.

Jumanne ukumbi ulijaa. Asubuhi tulimaliza mambo ya barabara, tukagombana kidogo kuhusu leseni za mbwa, tukaenda mezani. Mchana wa mkutano ni chakula cha akina mama wa kanisa: paja la nguruwe, maharage, mikate midogo, pai za kila aina. Pai nzuri kuliko zote ilikuwa ya Prescott Lathrop. Lathrop ndiye aliyeleta hoja ya kufunga shule. Alihamia kwetu kutoka Connecticut alipostaafu, akanunua nyumba ya kilimani, akaitengeneza ikapendeza. Ni mpole, anawakumbuka watu kwa majina, na anasema kila mara kwamba hakuna mwenye nia mbaya. Alitaka kodi ya nyumba ishuke, na shule ndiyo inayoila. Wenye nyumba za kilimani walikuwa pamoja naye. Hawakutosha kutushinda. Nilikuwa nimeketi mbele nikiwatazama watu wakitafuna, na niliona wazi kwamba wakulima na wazazi ni wengi kuliko wao.

Baada ya kula nikaisoma hoja. Lathrop akaitetea kwa ufupi na kwa adabu. Mwalimu Gagnon akasimama, sauti ikamtetemeka, akakaa. Armand Thibault, mwenye shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa njia ya mtoni, akasema kwamba mji usio na shule ni makaburi yenye posta. Watu wakapiga meza. Hollis akanyanyua kadi yake ya kupigia kura, ya rangi ya machungwa kama zetu zote, nikampa nafasi.

Alianza vizuri. Lazima niseme hivyo. Alisema, "Tansy ni mjukuu wa dada yangu. Wengi wenu mmemwona. Anaanguka. Akianguka anahitaji mtu aliye karibu anayejua la kufanya, na kule juu mlimani hakuna mtu. Mimi naomba mumkumbuke mtoto huyo mnaponyanyua kadi zenu." Mama mmoja aliweka kikombe chini polepole kisilie. Kama Hollis angekaa sekunde ile, shule ingekuwa wazi hadi leo.

Lathrop akanyanyua kadi.

"Bi. Mwenyekiti, nina swali dogo kwa mzungumzaji. Bwana Bascom amegusa jambo zito. Je, haoni kwamba shule ndogo kama yetu ni dalili tu, na kwamba ugonjwa wenyewe uko kwenye mfumo mzima wa elimu wa nchi hii? Ningependa sana kusikia maoni yake."

Ningependa sana. Hakuna mtu Tarbell aliyewahi kumwambia Hollis maneno hayo. Tunamwita Rais, tunampungia mkono tukiwa ndani ya gari ili tusisimame, tunahama upande wa pili wa duka. Niliona uso wake ukifunguka.

"Bwana Bascom," nikasema haraka, "hoja iliyo mbele yetu ni shule ya Tarbell. Umeshazungumza. Asante."

"Lakini nimeulizwa, Bi. Mwenyekiti."

"Umeulizwa kitu kilicho nje ya hoja. Huo ndio uamuzi wangu."

Lathrop hakuwa amekaa. Alitabasamu kwa huzuni, kama mtu anayelazimika kufanya jambo asilolipenda. "Basi kwa heshima zote nakata rufaa kwa mkutano. Mimi ni mgeni hapa, lakini nimeambiwa kwamba Tarbell hamumkatizi mtu."

Alikuwa ameambiwa kweli, maana ndiyo hadithi tunayomsimulia kila mgeni. Miaka ile nchi ilipokuwa inawinda wakomunisti hata chini ya vitanda, mhunzi mmoja wa hapa alisimama mkutanoni kusema dhidi ya vita, na watu wakampigia makofi mfululizo ili asisikike, mpaka akakaa. Hakurudi ukumbini tena. Alipokufa, mkewe aliwakataza watu wa mji wasimchimbie kaburi, akawalipa wa Wexcombe. Aibu ile ilituingia. Tangu hapo mtu akisimama Tarbell haambiwi akae. Tumewahi kumsikiliza bibi mmoja akitueleza maradhi ya mbwa wake tangu mwanzo hadi maziko, hatukukohoa. Tunajivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho.

Mwenyekiti akikatiwa rufaa, hana ujanja, lazima aulize watu. Nikauliza: nani anakubaliana na uamuzi wangu? Kadi chache. Nani anaukataa? Ukumbi mzima ukageuka rangi ya machungwa. Watu wa kilimani, sawa, niliwatarajia. Lakini na wazazi! Na wakulima! Mwalimu Gagnon mwenyewe, macho mekundu, alinyanyua kadi ili Hollis aendelee. Armand alinyanyua ya kwake na akaitikisa.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuwaambia, enyi wajinga wenye moyo mzuri, mnachezewa, na anayewachezea anatumia kitu pekee mnachojivunia. Mwenyekiti haruhusiwi. Nikasema, "Bwana Bascom, endelea," na sauti yangu ilisikika nzuri tu.

Akaendelea.

Alianza na shule kulipiwa kwa kodi ya nyumba, kwamba ndiyo maana watoto wa matajiri wana mabwawa ya kuogelea shuleni na wetu wana paa linalovuja. Hilo lilikuwa ndani ya hoja, nikadhani labda atarudi. Hakurudi. Kutoka kwenye bwawa aliingia kwenye michezo ya vyuo, makocha wanaolipwa kuliko magavana. Kutoka kwa magavana akafika kwenye majimbo, jimbo dogo na jimbo kubwa yote kuwa na maseneta wawili wawili, na hapo akajikumbusha kwamba sisi wenyewe ni jimbo dogo na akasema yuko tayari kujinyima kwa ajili ya haki. Alisema sheria za nchi zimekuwa nene kiasi kwamba hakuna raia aliyewahi kuzisoma, na sheria isiyosomwa ni mtego. Alisema wabunge wanatumia nusu ya siku kupiga simu kuomba michango. Alisema tumewafundisha watoto kujibu maswali na hatujawafundisha kuuliza. Kweli tupu! Nilikuwa nimekaa pale nikikubaliana na kila neno, na kila neno lilikuwa linaniua.

"Rais, ushafika bungeni, rudi shule!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Nakuja, nakuja," Hollis akajibu, akacheka nao. Alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tangu mkewe aondoke.

Ikafika saa tisa. Ng'ombe wa maziwa wanakamuliwa saa kumi, na mkulima anahitaji kufika, kubadili nguo, kuwaingiza bandani. Wakulima wakaanza kutazamana. Msimu wenyewe ulikuwa wa kuchemsha utomvu wa miti kwa ajili ya shira, na moto ukiachwa peke yake shira inaungua. Mmoja akasimama kimya, akachukua kofia. Kisha mwingine na mkewe. Mlango ukawa unafunguka na kufungwa, na kila ukifunguka baridi inaingia na kura inatoka. Kwetu hakuna kumpigia kura mtu asiyekuwepo. Uko ukumbini na kadi yako, au hupo.

Armand alipita karibu na meza yangu akainama.

"Lorna, unaweza kumnyamazisha?"

"Nilijaribu. Mkanikataza."

"Aah, Lorna, ningefanyaje? Sisi hatumkatizi mtu."

"Kaa basi, Armand. Kaa kidogo."

"Mwanangu yuko jeshini, mke wangu ana mguu kwenye plasta. Nani atawakamua? Ng'ombe hawaijui katiba." Alinishika bega, akamtazama Hollis kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake, akatoka.

Watu wa kilimani hawakuwa na ng'ombe. Walikuwa wameketi, mikono juu ya magoti, wakimsikiliza Hollis kwa makini kabisa. Mmoja wao alikuwa anaandika anayoyasema.

Hollis alipofika kwenye bendera, kwamba tunaisalimu sana na kuisaliti sana, Lathrop alitazama ukumbi polepole, safu kwa safu. Nilimwona akihesabu. Kisha akanyanyua kadi na kutoa hoja ya kufunga mjadala. Hiyo inahitaji theluthi mbili, na waliobaki walikuwa wamechoka hata kadi zao ziliruka zenyewe. Baadhi ya walionyanyua walikuwa wetu. Hawakumkatiza mtu, kwa maoni yao. Walipiga kura tu.

"Nilikuwa bado!" Hollis akasema. "Nina pendekezo la kuibadilisha hoja yenyewe! Bi. Mwenyekiti!"

"Mjadala umefungwa, Bwana Bascom. Keti."

Akaketi, amenuna, akaiweka kadi juu ya goti.

Nikaita kura. Wanaotaka shule ifungwe, wanyanyue kadi. Wahesabu wawili wakapita safuni, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kisha nikawaita wanaokataa. Nilikuwa namtazama Hollis. Kadi ilibaki gotini. Nikadhani hajasikia. Nikarudia, "Wanaokataa shule kufungwa, tafadhali nyanyueni na mziweke juu mpaka mhesabiwe." Mwalimu Gagnon, aliyekaa pembeni yake, akamsukuma kwa kiwiko. Hollis akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeongezwa chakula akasema ameshiba.

Kanuni inaniruhusu kuuliza kama kuna mtu ambaye hajapiga kura na angependa kupiga. Niliuliza. Nikauliza tena, na safari hii nilimtazama yeye mpaka ukumbi wote ukageuka kumtazama. Akakunja mikono.

Karatasi ikaletwa. Ndiyo, hamsini na mbili. Hapana, hamsini na moja.

Kadi moja ingezilinganisha. Zikilingana, kura inakuja kwangu, na mimi nilikuwa nimeingoja kura hiyo kutwa nzima. Nikatangaza kwamba hoja imepita. Nikagonga nyundo. Kwa kanuni za mji wetu, lililopita mkutanoni haliguswi mpaka Machi nyingine, na Lathrop alikuwa ameshasema mapema kwamba jengo litauzwa kabla ya hapo. Alikuja kunipa mkono. "Umeendesha mkutano kwa haki, Lorna," akasema, na alimaanisha. Nilimpa mkono. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa.

Nilimngoja Hollis karibu na meza za chakula. Watu walikuwa wanakunja viti. Akina mama wa kanisa walikuwa wanaosha vyombo jikoni, dirisha la kupitishia sahani liko wazi, na waliacha kuongea waliponiona nikimsogelea.

"Kwa nini hukunyanyua mkono?"

"Dada, utaratibu ule ulikuwa batili. Walifunga mjadala wakati mimi..."

"Nimekuuliza habari za mkono."

"Ndiyo nakujibu. Nikishiriki kwenye utaratibu mbovu, nauhalalisha. Ni jambo la msimamo. Na isitoshe hoja yenyewe ilikuwa finyu, ufunge au usifunge. Hakuna aliyeuliza shule yenyewe iweje. Mimi siwezi kunyanyua kadi kulinda paa linalovuja."

"Tansy yuko chini ya paa hilo!"

"Usinipigie kelele, Lorna."

"Nitakupigia kelele mpaka Wexcombe wasikie! Nilikuomba nini? Nilikuomba ukae chini. Mtu mzima, nywele zote nyeupe, tapeli anakwambia angependa sana kusikia maoni yako na wewe unamvulia nguo! Ulisahau kwamba kuna mtoto?"

"Sikumsahau. Kila nilichosema nilimsemea yeye. Kila mtoto."

"Mimi sina kila mtoto. Nina mmoja."

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini sasa, "Septemba atapanda basi. Nani atapanda naye?"

"Wilaya inawajibika. Sheria iko wazi, wewe unajua kuliko mimi."

"Najua. Nitaishtaki wilaya, na nitashinda, na itachukua miaka miwili. Mimi nimekuuliza Septemba. Asubuhi mimi niko mahakamani kutafuta tunachokula. Wewe huna ng'ombe, huna kazi, huna mke. Utapanda wewe. Kwenda na kurudi, kila siku ya shule."

Nilitegemea atabisha. Akafikiri kidogo, akachezea kidevu, na nikaona ule uso ukianza tena kufunguka.

"Si wazo baya," akasema. "Itanipa nafasi ya kuuona mfumo kutoka ndani. Kuna mengi ya kuandika kuhusu usafiri wa wanafunzi vijijini."

Sijui kilichonipata. Nilikuwa na sketi yangu ya mahakamani na soksi nzuri. Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikajilaza chali kwenye sakafu ya ukumbi, kati ya makombo ya pai na alama za matope ya buti.

"Dada, inuka. Watu wanatazama."

"Watazame. Mimi ni Tansy. Nimeanguka, nipo ndani ya basi, dereva hawezi kusimama. Fanya."

"Lorna..."

"Fanya!"

Aliinama, akasimama, akainama tena. Mikono yake ilikuwa hewani, haijui iende wapi. Hatimaye akaingiza mkono mfukoni, akatoa pochi yake ya ngozi, akaileta mdomoni kwangu aipenyeze kati ya meno. Jikoni nikasikia mtu akivuta pumzi.

Nikamshika mkono. "Umeshamvunja meno. Labda umeshamziba pumzi. Usimtie kitu mdomoni, kamwe. Hujui hilo?"

"Nilisikia zamani kwamba ulimi..."

"Anakula na wewe kila Jumapili. Ameanguka mbele yako mara ngapi, Hollis? Nikiwa sakafuni naye, wewe huwa uko wapi?"

Wote wawili tulijua. Huwa amerudi nyuma hadi ukutani, na anawalaani watu wa bima waliomkatalia Tansy dawa. Anawalaani kwa haki. Anawalaani kwa maneno mazuri ambayo hata mimi nimewahi kuyatumia kwenye barua zangu kwao. Kwa miaka yote hiyo nilidhani ni namna yake ya kumpenda.

Akapiga magoti, na magoti yakalia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, umezeeka kuliko asubuhi.

"Nchi yenye akili," akasema polepole, "ingeweka muuguzi ndani ya kila basi."

"Ingeweka. Haijaweka. Nigeuze ubavu."

Alinivuta bega, na kichwa changu kikagonga ubao.

"Kichwa, Hollis! Weka kitu chini ya kichwa!"

Alivua koti, vidole vinahangaika na vifungo, akalikunja, akalisukuma chini ya shavu langu. Lilinuka kahawa na wino wa gazeti. Akakaa hapo, mkono mmoja mgongoni kwangu, mzito, hausogei, na nikasikia kwamba analia. Mwalimu Gagnon alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa shule mkononi. Sikumhurumia. Nilirudi chali, nikamwambia aanze upya.